Babe wa Beaumont: Bingwa Aliyeambiwa Akae Nyumbani



Mhariri wetu aliniomba niandike habari za mtu mmoja maarufu wa zamani ambaye maisha yake yana somo kwetu sisi tulio huku ughaibuni. Najua wengi mlitegemea nitaleta mhandisi, maana kila mkiniona natoka maabara na mikono imejaa grisi. Samahani, safari hii nawaletea mwanamichezo. Tena ni mwanamke, Mmarekani mweupe, aliyefariki mwaka 1956. Na niseme mapema kwamba si kila alichofanya nakisifu. Nivumilieni, mtaona kwa nini nimemchagua.

Nilikutana na jina lake kwa bahati tu. Mimi na wenzangu wawili wa darasani tuliendesha gari kutoka Houston kwenda Beaumont kuona mahali panapoitwa Spindletop, ambapo mafuta yalifumuka ardhini Januari 1901 na kubadilisha kabisa uchumi wa Texas. Wakati wa kurudi, kando ya barabara kuu ya I-10, tukaona jengo dogo la mviringo lenye jina la mwanamke. Tukaingia kwa sababu ya choo, kusema ukweli. Mimi nikatoka saa moja na nusu baadaye, wenzangu wamenuna garini.

Jina lake kamili ni Mildred Ella Didrikson Zaharias, ila dunia nzima ilimwita Babe. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 mjini Port Arthur, mji wa bandari na viwanda vya mafuta huko huko Texas. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, baba akiwa fundi seremala aliyewahi kufanya kazi melini. Babe alikuwa mtoto wa sita kati ya saba. Mwaka 1915 kimbunga kikubwa kilipiga pwani ile, na familia ikahamia Beaumont, mtaa wa watu wa kipato cha chini.

Pesa hazikuwepo, lakini baba yule alikuwa na mikono. Aliwatengenezea watoto uwanja wa mazoezi uani kwa vitu vya kuokoteza. Chuma cha kunyanyua kilikuwa mpini wa ufagio uliofungwa pasi nzito za mama huku na huku. Babe naye akajitafutia mazoezi yake, akawa anaruka nyua za miti za majirani kutoka nyumba hadi nyumba. Ua mmoja ulikuwa mrefu kuliko nyingine zote, basi akaenda kumwomba mwenye nyumba aupunguze. Yule bwana akachukua mkasi akaupunguza. Kila nikifikiria habari za Babe huanza na yule jirani. Angeweza kumfukuza, au kwenda kumshtaki kwa mama yake kwamba binti anaruka ruka kama mvulana. Yeye alikata majani tu.

Mwaka 1930, akiwa bado sekondari, Babe alionwa na kampuni moja ya bima ya Dallas, Employers Casualty. Walimwajiri kama karani mpiga chapa. Ukweli ni kwamba walimtaka kwa timu yao ya mpira wa kikapu, iliyoitwa Golden Cyclones. Sisi tuliokulia na timu za netiboli za mashirika tunaujua mchezo huo, ambapo mchezaji anaandikwa ofisini ilhali kazi yake iko uwanjani. Mwaka 1931 timu hiyo ikawa bingwa wa taifa.

Sasa njooni kwenye siku ninayoipenda kuliko zote, tarehe 16 Julai 1932, Evanston, karibu na Chicago. Yalikuwa mashindano ya taifa ya riadha ya wanawake, na pia ndiyo mchujo wa kwenda Olimpiki. Kampuni yake ilipeleka timu ya mtu mmoja. Yaani Babe peke yake. Aliingia michezo minane katika alasiri moja. Alishinda kurusha tufe, kutupa mkuki, kuruka chini, kutupa mpira wa besiboli na mita 80 kuruka viunzi, halafu akafungana na Jean Shiley nafasi ya kwanza kwenye kuruka juu. Mwisho wa siku zikajumlishwa pointi za timu. Babe alikuwa na 30. Timu ya pili, klabu ya wanawake ya Illinois, ilikuwa na pointi 22, nayo ilileta wachezaji 22. Piga hesabu mwenyewe.

Wiki chache baadaye akaenda Olimpiki ya Los Angeles. Wanawake waliruhusiwa kushindana michezo mitatu tu kila mmoja, vinginevyo sijui angebeba nini. Alipata dhahabu ya mkuki kwa kutupa zaidi ya mita 43, na dhahabu ya viunzi kwa sekunde 11.7. Kwenye kuruka juu akafungana tena na Jean Shiley. Waamuzi wakasema mtindo wake haukubaliki, kwamba kichwa kilitangulia kupita kijiti kabla ya mwili, wakampa fedha. Mimi kama mhandisi hili lilinichekesha. Mwaka 1968 kule Mexico, Dick Fosbury aliruka kichwa mbele na mgongo chini, akachukua dhahabu, na leo karibu kila mrukaji mkubwa anaruka hivyo. Alichokatazwa Babe kilikuwa ni utaratibu wa siku zile, fizikia haikuhusika. Hata hivyo, mpaka leo hakuna mwanariadha mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyepata medali za Olimpiki za mtu binafsi katika kukimbia, kutupa na kuruka.

Mngetegemea baada ya hapo magazeti yamwimbie. Yaliimba, ila wimbo ulikuwa na miiba. Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Olimpiki ya 1928 ndiyo ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana riadha. Baada ya mita 800, magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka chini hoi, kama vile mbio za namna hiyo zingewaua. Walichofanya wale akina mama ni kuchoka kama anavyochoka yeyote aliyekimbia kwa nguvu zake zote. Lakini habari ilikwisha kuandikwa, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake mpaka Olimpiki ya Roma, 1960. Miaka 32 ilipotea kwa sababu ya namna waandishi walivyochagua kuangalia.

Katika mazingira hayo anatokea binti wa fundi seremala. Nywele fupi, misuli, mdomo mrefu. Akifika uwanjani alikuwa na tabia ya kutangaza kwamba yeye ameshashinda, wengine wagombee nafasi ya pili. Waandishi walimpenda kwa sababu aliuza magazeti, na hao hao wakamshambulia. Mmoja aliandika kwamba ingekuwa heri wanawake wa namna yake wangebaki nyumbani, wajipambe, na kusubiri simu ilie. Mwingine, Paul Gallico, alikuwa na jina kubwa sana, naye aliandika mara kwa mara juu ya uso wake, misuli yake na kama kweli ni mwanamke kamili. Inasimuliwa kwamba Gallico huyo aliwahi kushindana naye mbio katikati ya mchezo wa gofu, akaishia amelala kwenye majani anatafuta pumzi. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya maandishi yake. Nasema mpangilio wa matukio unavutia.

Hapa kuna jambo inabidi nilieleze waziwazi, kwa sababu sisi ni jumuiya ya Waafrika na sitaki mtu aje kunikamata shati baadaye. Kwenye timu ile ya 1932 walikuwemo wasichana wawili weusi, Tidye Pickett na Louise Stokes, wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Olimpiki ya Marekani. Pickett alisimulia baadaye kwamba wakiwa ndani ya treni kuelekea Los Angeles, wamelala kitandani, Babe aliwamwagia jagi la maji ya barafu. Njiani Denver hawakuruhusiwa kwenye karamu ya timu. Na walipofika Los Angeles, wote wawili wakaachwa nje ya mbio za kupokezana, nafasi zao wakapewa weupe. Pickett aliendelea, na mwaka 1936 kule Berlin akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushindana Olimpiki, kwenye viunzi vile vile vya mita 80.

Niliposoma hayo nilikaribia kuachana na Babe. Nikajiuliza, huyu aliyeumizwa na maneno ya watu kuhusu mwili wake, aliwezaje kuwafanyia hivyo wenzake? Sikupata jibu la kumsafisha. Nilichojifunza ni kwamba kudharauliwa hakumfundishi mtu heshima moja kwa moja. Wako wanaodharauliwa, kisha wanatafuta wa chini yao. Tukubali tu kwamba huyo huyo ndiye aliyepiga pointi 30.

Tuendelee. Mwishoni mwa 1932 chama cha riadha kilimfungia kwa sababu picha yake ilitumika kwenye tangazo la gari. Ridhaa ikaisha, riziki ikabidi itafutwe. Ndugu zangu mnaobeba maboksi usiku na kusoma mchana, hapa mtamwelewa. Bingwa wa Olimpiki alipanda jukwaani Chicago akakimbia kwenye mashine na kupiga kinanda cha mdomo, watu wakalipa kiingilio. Alizunguka miji na timu ya mpira wa kikapu yenye jina lake. Mwaka 1934 alizunguka pia na House of David, timu ya besiboli ya wanaume wenye ndevu ndefu, yeye peke yake akiwa hana. Magazeti yakamcheka. Lakini nchi ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na fedha ile ilisaidia kulisha wazazi Beaumont. Kati ya kuchekwa na kutotuma chochote nyumbani, wengi wetu hapa tungechagua kuchekwa.

Halafu akachagua gofu. Alipiga mipira mamia kwa mamia kwa siku, mpaka viganja vikapasuka. Aprili 1935 alishinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Texas katika klabu ya matajiri ya River Oaks, Houston. Akina mama wenye klabu zao hawakufurahi. Mmoja wao alikuwa ameshatamka kwamba mabinti wa madereva wa malori hawatakiwi pale. Muda si mrefu chama cha gofu kikaamua kwamba kwa kuwa alishalipwa katika michezo mingine, si wa ridhaa tena. Mlango ukafungwa.

Ndipo ukaja wakati ambao mimi naona ndiyo mgumu kuliko yote katika maisha yake, ingawa kwa nje unaonekana mtamu. Mama mmoja wa Fort Worth, Bertha Bowen, alimpokea kama ndugu, akamnunulia nguo nzuri na kumfundisha mambo ya saluni na vipodozi. Januari 1938, Babe aliingia mashindano ya wanaume ya Los Angeles Open. Hakufuzu kuendelea, lakini alipangwa kundi moja na mcheza mieleka mmoja, George Zaharias, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki. Desemba mwaka huo huo wakaoana.

Magazeti yakabadilika kama kinyonga. Waandishi waliokuwa wanahoji jinsia yake sasa wanaandika kuhusu jiko lake, mapazia yake, anavyompikia mumewe. Babe alikuwa anajua kushona tangu zamani, kazi ya mikono yake mwenyewe, ila zamani hiyo haikuwa habari. Naye akashirikiana nao. Alivaa sketi, akapaka rangi ya mdomo, akazungumza na waandishi juu ya mapishi. Je, alijipata au alijificha? Mimi sikuwa ndani ya moyo wake. Ninaloona ni kwamba nguvu za kupiga mpira hazikupungua hata kidogo, bali ruhusa ya kuzisifu ndiyo ilikuja na pete. Mtu yule yule, mkono ule ule.

Mwaka 1943 alirudishiwa ridhaa. Mwaka 1946 akawa bingwa wa ridhaa wa Marekani. Mwaka 1947 akaenda Gullane, Scotland, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza, mashindano yaliyoanza 1893. Yeye alijitangazia kushinda mashindano 17 mfululizo kipindi kile. Waliokagua kumbukumbu baadaye walikuta pengo katikati. Babe kutia chumvi ilikuwa desturi. Hata umri wake alipenda kuupunguza. Ila chumvi ile iliwekwa kwenye chakula kilichokuwepo kweli.

Mwaka 1950 yeye na wenzake 12 walianzisha chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa, LPGA, ambacho mpaka leo kinawalipa wanawake kwa kazi ya mikono yao. Mwaka huo huo waandishi wa shirika la habari la AP wakamchagua kuwa mwanamichezo bora wa kike wa nusu karne. Ni tasnia ile ile iliyomwambia asubiri simu ilie.

Mwaka 1953 akagundulika na saratani ya utumbo. Alifanyiwa upasuaji Beaumont, njia ya haja ikahamishiwa tumboni, akawa anavaa mfuko. Miaka hiyo neno saratani lilisemwa kwa kunong'ona, kama ilivyo kwetu hadi leo katika familia nyingi. Yeye alilitangaza mbele ya wote na kuchangisha fedha za utafiti. Baada ya kama miezi mitatu na nusu alikuwa uwanjani tena. Julai 1954, kule Peabody, Massachusetts, akiwa na ule mfuko chini ya nguo, alichukua US Women's Open kwa mara ya tatu, kwa tofauti ya mipigo 12.

Jambo moja hakulijua. Madaktari walikuwa wameona saratani imeenea, wakamwambia mumewe na rafiki yake wa karibu sana, mcheza gofu kijana Betty Dodd, lakini si yeye mwenyewe. Ugonjwa ukarudi. Alifariki Galveston tarehe 27 Septemba 1956, akiwa na miaka 45, akazikwa Beaumont. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikampa nishani ya juu ya uraia, miaka 64 baada ya kifo.

Sasa, kwa nini nimewasumbua na haya yote?

Wakati nasoma kidato cha nne Tanga, mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha kwanza, na alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu. Alicheza na wavulana wa mtaani, akawapita. Siku moja kijiweni jamaa wakaanza kunitania kwamba nyumbani kwetu kuna jikedume, kwamba shemeji hawatampata. Nilicheka nao. Kisha nikaenda nyumbani nikachukua raba zake nikampa kijana wa jirani. Baba hakunituma, mwalimu hakunituma. Mimi mwenyewe. Baada ya hapo aliacha mpira, na sisi wote tukasema amekua.

Niliporudi kutoka Beaumont nilimpigia simu. Nilidhani ameshasahau. Alinitajia rangi ya zile raba, na kamba zake, na jina la aliyepewa. Hakunigombeza. Ananiita kaka kama kawaida, akanisalimia shikamoo, akaniuliza habari za masomo. Ile adabu yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

Msidhani ni mambo ya zamani tu. Olimpiki ya Rio 2016, mita 800 za wanawake, zile zile zilizofutwa baada ya 1928, jukwaa lote lilikuwa la Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, Margaret Wambui wa Kenya. Dada zetu hao walichambuliwa miili yao mbele ya dunia, na mwaka 2019 sheria ya homoni ikawaondoa kwenye mbio hizo. Juu ya sheria yenyewe wataalamu wanabishana na siwezi kuimaliza kwenye ukurasa huu. Mimi nazungumzia midomo yetu sisi tuliokaa mbele ya televisheni ile siku, hapa hapa, tukiwacheka watoto wa kwetu sura zao. Nilikuwepo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Hapo hatukukusanyika kutazama.

Na la mwisho ni la ofisini kwetu. Toleo lililopita lilikuwa na taarifa ya siku yetu ya michezo. Fainali ya kaka ilipata kurasa mbili, na majina ya wafungaji. Mechi ya dada ilipata picha moja, na maneno chini yake yalihusu mitandio na mitindo ya nywele. Taarifa ile niliiandika mimi. Mmoja wa wachezaji aliponiuliza kama najua matokeo, sikuyajua. Wakati wa mechi yao nilikuwa nachoma nyama.

Kwa hiyo nimekwenda kuuliza, na sasa narekebisha. Mechi ya akina dada iliisha 3-2. Walitanguliwa mabao mawili kipindi cha kwanza, wakarudisha yote, na la ushindi lilifungwa kwa mpira wa adhabu dakika za mwisho. Walipewa dakika ishirini kila upande. Naleta ombi kwa kamati kwamba mwakani wapewe dakika tisini, refa aliye makini, na mwandishi anayetazama. Mimi nimejiandikisha kwa hiyo kazi ya tatu. Nyama achome mwingine.

Wasalaam.